Pembe ya Shangazi

Mwaka ambao mama alinenepa, kijiji chetu kizima cha Mitole kilimpongeza. Mashavu yake yalijaa na kung'aa kama ya biharusi aliyetoka kufungiwa ndani, shingo ikazama mabegani, na kila nilipofika nyumbani kutoka Dar es Salaam wanawake walinipongeza mimi, kana kwamba unono ule nilikuwa nimeutuma kwa kifurushi. "Mama yako kapendeza," walisema. "Mtoto akipata kazi, mama huonekana." Mama aliivuta kanga kichwani akacheka. Nami nilicheka. Niliyapenda mashavu yale, hata nikayapiga picha.

Yalikuwa mashavu ya vidonge.

Mama alikuwa mbanguaji. Msimu wa korosho ulipofika, uani kwetu kulitanda moshi wa maganda, moshi mchungu unaokaba koo, hata kuku walihamia kwa jirani. Mama alikaa katikati yake na kirungu, akivunja korosho moja moja juu ya jiwe. Maganda yale yana mafuta yanayounguza. Alijipaka majivu mikononi kabla ya kuanza, na bado ngozi ya vidole ilibambuka, ikawa nyeusi, ikabambuka tena. Korosho nzima, nyeupe, isiyo na ufa, ndiyo iliyokuwa fahari yake. Aliiweka kiganjani akaninyooshea niione, kama mtu anayeonyesha jino la kwanza la mtoto.

Kisha maungio yakaanza kuvimba. Asubuhi vidole vilikataa kukunjika. Alivitumbukiza kwenye bakuli la maji ya moto, akavikanda kimoja kimoja huku akivisemesha kwa Kimatumbi, akivibembeleza, akivitukana. Kirungu kilimponyoka. Magoti yakafuata, kisha vifundo vya miguu. Kwetu hakuna asiyelijua jina la ugonjwa huo: baridi yabisi. Ni ugonjwa wenye heshima. Unawapata waliolima, waliobangua, waliozaa. Mtu akisema ana baridi yabisi hupishwa kwenye mkeka na kuwekewa mto. Mahali fulani walimpima damu, na kipimo cha baridi yabisi kikasema anayo. Tukaridhika. Hakuna aliyetuambia kwamba kipimo kile huweza kusema ndiyo kwa sababu nyingine, na jibu likishapatikana nani hurudi kuliuliza swali?

Ndipo vikaja vidonge. Muuza duka la dawa alivifunga kwenye kipande cha gazeti, bila cheti cha daktari. Deksa. Wazee wengi wa kwetu wanavijua. Siku ya pili mama alikunja ngumi, akaitazama ngumi yake, akalia. Siku hiyo alibangua ndoo nzima. Tangu hapo hakuviacha, na mashavu yakaja.

Pamoja na vidonge kulikuwa na pembe ya shangazi.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikaa nyumba ya pili na yetu. Tangu baba afariki, yeye na mama waliishi kama mapacha walioanza kugombana tumboni na hawajamaliza. Kazi yake ilikuwa kuumika. Kila kipupwe, ufuta ukishakatwa na kusimamishwa ukauke, wanawake waliorudi shambani na migongo iliyokufa ganzi walikusanyika nyuma ya nyumba yake, wakalala kifudifudi mkekani. Aliwachanja chale ndogo kwa wembe pale panapouma, akaweka pembe ya ng'ombe juu ya chale, akafyonza kwa mdomo kupitia tundu la nchani, kisha akaliziba tundu kwa nta aliyoificha shavuni. Pembe ilishika mgongoni peke yake, ikijaa damu nyeusi. Damu mbaya, waliiita. Ikishatoka, mtu aliinuka mwepesi. Nimewaona walioinuka pale wakicheza ngoma bila ngoma.

Wembe ulikuwa mmoja. Shangazi hakuwa mchafu. Kati ya mgongo na mgongo aliupitisha kwenye maji ya moto yaliyokamuliwa ndimu, akaupangusa kwa kitambaa cheupe ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Ndimu, alisema, hukata kila kitu.

"Wifi," alimwambia mama siku moja, ameinua upindo wa kanga yake, "haya nini tena?"

Kuanzia kifundoni hadi chini ya goti mama alikuwa na madoa madogo ya zambarau, kama mtu aliyerushiwa wino.

"Mafuta ya korosho."

"Kwani siku hizi unabangua kwa miguu?"

"Mikono imestaafu."

"Ngoja basi niwaite watoto waje wamwone nyani." Wanawake mkekani walicheka mpaka pembe zikatikisika migongoni. "Lala nikutoe uchafu huo. Kaka yangu aliniachia mke mzima. Nitamrudishia vipande?"

Mama akalala.

Kilichotufikisha hospitali kilikuwa kandambili. Ya mguu wa kulia ilikuwa ikimvuka mama njiani, akirudi kuichukua, ikimvuka tena. Alidhani imelegea. Akanunua mpya, nayo ikamvuka. Nilikuwepo siku hiyo, nikamwambia, "Mama, hebu inua vidole vya mguu." Alinitazama kana kwamba namdharau, kisha akautazama mguu. Haukuinuka. Ulining'inia kifundoni, ukitii ardhi tu, wala haukuwa wake tena.

Nilimpeleka Lindi. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mwenye macho ya kukosa usingizi. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapiga magoti sakafuni akaushika ule mguu. Akayabonyeza madoa. Akauliza vidonge anavyotumia. Mama akasema, "Vya kutuliza tu." Mimi nikautoa mfuko. Daktari alivitazama, akaagiza vipimo.

Majibu yalipotoka alituita ndani akafunga mlango.

"Mama, una homa ya ini, aina ya B. Kirusi chake kimekaa mwilini miaka mingi."

"Ini langu haliumi, mwanangu. Vinavyouma ni vidole."

"Ini mara nyingi hunyamaza. Kinga ya mwili inakishika kirusi, haikimalizi. Ule mshikamano wa kinga na kirusi unazunguka kwenye damu, unakwama: kwenye maungio, kwenye mishipa midogo ya ngozi, ndiyo hayo madoa. Na ukikwama kwenye mishipa inayolisha mshipa wa fahamu wa mguu, mguu unaanguka. Mwili unajiunguza wenyewe, mama."

"Na hivi vidonge?" niliuliza.

"Vinauzima moto kwa muda. Ila vinailaza kinga, na kirusi kinazaana walinzi wakiwa wamelala." Alimgeukia mama. "Usiviache ghafla lakini. Tutavipunguza taratibu, ukishaanza dawa yenyewe."

Nilikaa pale nikiyafikiria mashavu, pongezi, picha niliyokuwa nimewaonyesha rafiki zangu. Tulikuwa tumekipongeza kirusi kwa kunawiri.

Daktari aliuliza kama mama amewahi kuongezwa damu, au kuchanjwa chale. Mama aliutazama ukuta. "Sijawahi," alisema. Alisema bila kupepesa, na chale za mwaka ule zilikuwa bado mgongoni mwake. Daktari hakubishana. Alisema wengi hukipata wakizaliwa au utotoni, na kwamba kwa mama hakuna atakayejua kilipitia wapi. Muhimu ni dawa, kidonge kimoja kila siku, pengine maisha yote. Huenda mguu ukarudi, huenda usirudi. Kila mwezi unaopita unapunguza nafasi.

Kisha akatuonyesha dirisha.

Kila mtu wa pwani hii analijua dirisha la namna ile, la dawa za kupunguza makali, na wanaokaa kwenye benchi lake. Hukaa kwa kuachana nafasi na kutazama simu zao. Tulipokaribia, mwanamke mmoja alijifunika uso kwa mtandio. Mama alikuwa ameshamwona. Alikuwa wa Mitole.

Mama akasimama. Akarudi kwa daktari, akiburuta mguu, mimi nyuma.

"Ile dawa ni ileile ya wale?"

"Ni mojawapo ya zile, mama. Inafanya kazi kwa kirusi chako pia."

"Sasa watu watajuaje mimi nameza ya kipi?"

Daktari alimsogezea kiti akae. Sikumlaumu. Hata leo sijapata jibu la swali lile.

"Nirudishe nyumbani," mama aliniambia.

Njiani nilisema yote ninayoweza kusema. Nilitumia maneno mazuri, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yangu, na mama aliyasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Tulipovuka Nangurukuru ndipo alijibu.

"Mimi ni mjane. Nimekaa bila mume na hakuna aliyepata la kunisema. Nikionekana pale, watasema nililipata wapi? Na nikiwaambia si hilo, ni hili, hili nalo watauliza linapitia wapi. Watasema zinaa. Wasiposema zinaa watasema wembe wa wifi yangu. Chagua wewe, nani nimzike kwanza?"

Shangazi alikuwa akitusubiri barazani. "Wamesemaje hao wataalamu?"

"Baridi yabisi," mama alisema. "Imeshuka mguuni."

"Mmekwenda Lindi kuambiwa nililokwisha kuwaambia bure." Alinipa mkono niubusu, akanitengenezea chai. "Mwanangu, siku nyingine hela za gari niletee mimi."

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, kwa hiyo nilijaribu ujanja. Safari iliyofuata nilimletea shangazi pakiti kubwa ya nyembe mpya, nikamwambia, "Shangazi, kila mgongo na wembe wake, usijichoshe na kuosha." Alifurahi mno. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu, akaifungia sandukuni pamoja na sanda yake. Kipupwe kilipofika akatoa wembe mmoja, mkali, mpya kabisa, akaumika nao mkeka mzima.

"Nyembe nzuri kama hizi," aliniambia, "si za kumtupia mtu mmoja mmoja."

Mama naye alikuwa mkekani. Nilimfuata nikachuchumaa kichwani pake, nikamnong'oneza asilale. Alinijibu akiwa ameweka shavu lake la mviringo kwenye ukindu: "Nisipolala, ataniuliza kwa nini." Nikaiona ile pembe ikiwekwa. Nikamwona shangazi akiinama, mdomo kwenye tundu, mashavu yake makavu yakibonyea ndani. Mimi muda wote nilikuwa nikiufikiria wembe. Siku ile ndipo nilipoufikiria mdomo.

Shangazi ndiye aliyetangulia kubadilika. Masika yaliyofuata tumbo lake lilivimba na sehemu nyingine zote zikakauka, macho yakawa ya rangi ya binzari. Watu walisema katupiwa kitu. Mama ndiye aliyesema, "Apelekwe Lindi," na akaja nasi, akiburuta mguu wake. Kwa daktari yule yule. Ini lilikuwa limekwisha kuwa gumu, na lilikuwa limeota uvimbe. Kirusi kilekile. Na kwake pia hakuna aliyeweza kusema kilipitia wapi, ila kila mmoja wetu mle chumbani alikuwa na lake moyoni.

Tulipobaki watatu, shangazi alimgeukia mama.

"Wifi, ugonjwa huu unaujua?"

"Naujua."

"Tangu lini?"

"Tangu mguu."

Shangazi aliutazama ule mguu. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo ya chuma sakafuni. "Na ukanilalia mkekani hivyo hivyo."

"Ningekwambia nini nisingelala?"

"Ungeniambia ndimu haitoshi." Akaupeleka mkono wake mkavu kwenye mguu wa mama, akaupapasa kidogo. "Mjinga wewe. Mimi ndiye niliyekuwa nafyonza."

Alifariki ufuta ukiwa bado shambani.

Kwetu msiba hauishi bila watani. Hao ni watu wa upande mwingine ambao mababu waliwekeana nao ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo hufika mpaka kaburini. Mtani huja msibani akavaa nguo za marehemu, akaiga sauti yake na mwendo wake, akashika kitu chake mpaka akombolewe kwa kuku, na waliofiwa hawana haki ya kukasirika. Wanacheka wakiwa na machozi. Nimeupenda utani huo tangu utotoni. Naamini una huruma kuliko hotuba zote.

Alikuja mtani wetu kutoka Kilangala, mama mnene mwenye sauti ya kuchekesha hata akisalimia. Alijifunga kanga za shangazi, akapita uani kati ya wanawake akikemea kwa sauti ileile ya puani: "Inua upindo, mwanamke, nione uchafu wako." Kisha akauangusha mguu mmoja akamwiga mama, akiburuza, kandambili ikimvuka, akirudi kuiokota. "Wifi, mwenye pembe kafa. Sasa atakufyonza nani?" Uani kote watu walivunjika mbavu. Mama alicheka pia. Nilimwona.

Mtani akaingia ndani akatoka na pembe. Akaipunga juu, akamchagua mwanamke mmoja, akamlaza mkekani kwa nguvu, akaiweka mgongoni. Akainama, akalitia tundu la pembe mdomoni.

"Itoe," mama alisema.

Mtani akafyonza hewa kwa kishindo, watu wakaangua kicheko.

"Itoe mdomoni." Alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya kibanda. "Ina homa ya ini. Ndiyo iliyomuua. Na mimi ninayo."

Hajawahi mtu wa kwetu kumkatiza mtani. Yule mama wa Kilangala alibaki ameinama, pembe mdomoni, macho yamemtoka. Kisha akaitema kama kaa la moto, ikabiringika mpaka kwenye jiwe la kubangulia, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Hakuna aliyemtukana. Walimsogelea wakampa pole, wakasimama hatua moja mbali kuliko jana. Siku ya khitma mama alipika sufuria la wali wa nazi, kama desturi ya wifi wa marehemu, na sufuria lile lilirudi limejaa. Maji ya mtungi wetu hayakunywewa. Mtoto wa jirani aliposhika kikombe chetu, mama yake alimwita kwa sauti tamu, yenye haraka.

Nilimpigia daktari simu. Aliniambia kirusi hiki hakipiti kwenye sahani wala kikombe, wala wali. Nilipomwambia habari ya pembe, aliuliza mara ya mwisho ilitumika lini. Nikasema kipupwe kilichopita. Akasema kwenye damu iliyokauka kirusi hakidumu muda mrefu namna hiyo. Siku ile, kwenye mdomo ule, huenda pembe haikuwa na kitu chochote.

Nilimwambia mama habari ya sahani tu.

Basi hakuwa na la kuficha tena. Wiki ya pili baada ya khitma aliniambia, "Nipeleke kwenye lile dirisha lako." Nami nilipima, sinacho, nikapigwa sindano za kinga. Yeye alianza dawa, akapunguziwa deksa kidogo kidogo kama alivyoahidiwa. Vidole vinakunjika sasa, si vyote. Madoa yamefifia. Mguu haujarudi. Daktari husema, "Ungekuja mapema," halafu huikata sentensi, na mama humsaidia kwa kumuuliza habari za watoto wake. Kandambili ya kulia ameifunga kifundoni kwa utambi wa kanga ya shangazi.

Na mashavu yameshuka. Hakuna anayempongeza. Amekonda, anakwenda Lindi, anakaa kwenye benchi lile, na watu wanajua wenyewe wanachokijua. Korosho za kubangua haletewi tena. Mikono yake, wanasema, itazitia ugonjwa. Mikono iliyobambuka miaka yote ile kwa korosho zao.

Kipupwe hiki nilikwenda kumsindikiza. Kulikuwa kumeshapambazuka, ufuta umesimamishwa matita mashambani, na njia ya kwenda kituoni inapita nyuma ya iliyokuwa nyumba ya shangazi. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Ameshapatikana mwingine wa kuumika, binti mmoja wa kijijini, na pembe nyingine, au pengine ileile, sikutazama sana. Wanawake walikuwa wamelala kifudifudi, mgongo ukifuata mgongo. Niliwatambua. Ni wale ambao hawanywi maji kwetu.

Mama alisimama. Aliwaamkia, wakamwitikia bila kuinua vichwa.

"Huo wembe," alisema, "ni mmoja?"

Binti aliunyanyua kutoka kwenye bakuli ili mama auone, safi, unadondoka maji. "Nimeuosha, mama. Kwa ndimu."

Vipande vya ndimu vilikuwa vikielea bakulini, vipya, vya kijani. Mama alivitazama kwa muda, midomo yake ikicheza kama anayemsikia mtu akimtania. "Ndimu haitoshi," alisema, kwa ile sauti ya puani ya marehemu wifi yake, na mmoja mkekani akaanza kucheka, akajizuia.

Hakuna aliyeinuka. Honi ya gari ikasikika barabarani. Mama akanishika bega, tukaondoka, yeye akiuburuta mguu wake, na nyuma yetu nikasikia mlio mdogo wa mdomo ukianza kufyonza.